Ubao Ulioachiwa Nafasi ya Mshono

Nilikuwa nimefungua buti la gari langu hapa mtaani Nkoma, Mbale, nikitafuta jeki, na badala ya jeki nikamkuta baba yangu. Usinielewe vibaya, rafiki yangu. Baba alikwisha kutangulia mbele ya haki zamani. Ila nilipofunua zulia na kukiinua kifuniko cha tairi la spea, kile kibao cha maganda ya mbao yaliyoshindiliwa ambacho magari haya ya mtumba huja nacho, kilikatika mkononi mwangu kama mkate mkavu, na kule shimoni ikapanda harufu ya samaki waliokaushwa kwa moshi. Samaki hao nilikuwa nimewabeba mwenyewe kutoka Masese, kwa mama kule Jinja, wiki iliyotangulia. Lakini pua haina habari na wiki iliyotangulia. Ilinirudisha moja kwa moja kwenye gari la baba, mimi na kaka yangu tumelala chali kwenye buti, miguu imeegemea mlango wa nyuma.

Nikaketi kwenye bampa. Nikwambie mapema tu kwamba nimechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Tangu mama alipoteleza bafuni kwake Jinja akavunjika nyonga, kila Ijumaa nikitoka kazini nilikuwa nashika njia kwenda Masese, na kila Jumapili narudi Mbale hoi bin taabani, nguo zinanuka dawa ya kuchua. Nilikuwa nimefika mahali ambapo nikisimama jikoni naegemea ukuta kungoja chai ichemke. Mama hakuwa na mtu mwingine wa kumwogesha ila jirani, na jirani naye ana wake wa kuwaogesha. Ilikuwa lazima nimlete kwangu.

Daktari alisema mfupa unaunga, ila kukaa safari nzima hataweza. Asafiri amelala, kiuno na mgongo viwe sawa, bila kubonyea. Kaka, ambaye yuko ng'ambo na mchango wake mkubwa katika ugonjwa huu umekuwa ushauri wa simu, akasema tukodi gari la wagonjwa. Nilimpelekea mama ujumbe huo. Alinitazama kama niliyemtukana.

"Mimi sitaki ile gari ya kulia," akasema. "Mtu akitoka hapa Masese na ile gari, jioni majirani nakuja na viti kwa matanga. Mimi bado iko hai. Nitakwenda na gari yako. Lakini nilale sawa. Kama iko na shimo, niache hapa hapa."

Na shimo lilikuwepo. Nililala mwenyewe kwenye buti, kiti cha nyuma kimekunjwa, godoro limetandikwa, jirani yangu wa Nkoma akaendesha kuzunguka mitaa huku madereva wa boda boda wakichungulia kuona kama mwalimu wa zamani wa watoto wao amekufa au amerukwa na akili. Kila tuta tulilopanda, kiuno changu kilizama palepale juu ya tairi la spea. Mimi ni mzima na nilishuka nikiwa nimejishika. Nikajua mama hatafika hata Iganga.

Basi siku ile, kile kibao kilipokatika mkononi mwangu, sikuwa nahuzunikia kibao. Nilikuwa naona safari nzima ya mama imekatika pamoja nacho. Na papo hapo nikakumbuka kwamba nyumbani kwetu jambo hili lilikwisha kutokea, na baba na mama walilitengeneza wenyewe.

Baba alikuwa Mgisu wa Wanale, mlimani juu ya Mbale, mama Msoga wa Jinja. Kila mmoja aliona lugha ya mwenzake ngumu, wakakutana kwenye Kiswahili cha msikitini na sokoni, na humo ndimo tulimolelewa. Majirani walitutazama kwa jicho la pembeni, maana kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari aliyebisha mlango kuja kukamata watu. Kwetu kilikuwa lugha ya uji, ya kuitwa ndani magharibi na ya kukemewa kwa kupoteza ndala. Mpaka leo mtu akinigombeza kwa Kiingereza haniingii, lazima aje na Kiswahili ndipo nione aibu.

Gari la baba lilikuwa refu, la rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda, lenye mlango wa nyuma ulioinuliwa na kushikiliwa na fimbo ya mti, kwa sababu vyuma vyake vilikwisha kufa. Alipakia samaki wa moshi kutoka Masese, akawapeleka Mbale, akarudi na ndizi, vitunguu na malewa, yale machipukizi ya mianzi ambayo bibi wa Wanale aliyakausha juu ya meko na kutupikia kwa karanga. Kwa hiyo gari letu lilinuka samaki likienda na malewa likirudi. Shuleni wenzangu walisema wananisikia kabla hawajaniona. Nililia, halafu nikazoea.

Shule zikifungwa tulikwenda naye. Mama aliketi mbele. Mama na gari hawakupatana kabisa. Kabla hatujatoka uani alikuwa amekwisha kukata limau, amelifunga kwenye ncha ya leso, amelipeleka puani. Alikaza macho mbele kama mtu anayevuka daraja la kamba, na hakugeuka nyuma hata tukiitana majina. Alisema anayetazama nyuma garini hutapika. Sisi tulikuwa hatutazami kingine. Tulilala kwenye buti juu ya kifuniko cha tairi, vichwa vimeelekea kwenye kiti, na kupitia kioo cha nyuma tukaona Jinja ikiondoka. Kwanza ziwa, halafu mabati ya Masese, halafu mabomba ya viwanda na wale ndege wakubwa wenye vipara waliosimama juu yake, mwisho miwa iliyojifunga nyuma yetu kama pazia. Mchezo wetu ulikuwa kuchagua kitu kimoja na kukishika kwa macho. Ambaye chake kinapotea mwisho ndiye mshindi. Kaka alichagua mabomba kila mara kwa sababu ni marefu. Mimi nilichagua ziwa, nikashindwa kila mara, na safari iliyofuata nikachagua ziwa tena.

Maji ya samaki ndiyo yaliyokimaliza kile kifuniko cha kwanza. Kilivimba, kikachanika matabaka, na siku moja karibu na daraja la Mpologoma gari likaruka tuta nami nikaingia shimoni matako kwanza, nikanaswa ndani ya tairi, miguu hewani. Kaka alicheka mpaka akakohoa. Baba alisimamisha gari kunitoa, wauza mchele wa kando ya barabara wakaja kusaidia, na mama, limau puani, aliuliza bila kugeuka: "Amekufa?" Baba akajibu hapana. "Basi twende."

Lakini tuliporudi Jinja ni yeye aliyesema kifuniko kitengenezwe, watoto wake hawatasafiri juu ya tundu. Baba akatafuta sanduku la majani ya chai. Unayakumbuka masanduku yale? Ya mbao nyembamba za tabaka, yamezungushwa bati pembeni, ndani karatasi ya fedha, na maandishi meusi ubavuni. Kila nyumba ya mji ilikuwa nalo moja, la nguo, la vyombo au la kuku aliyeatamia. La kwetu lilikuwa la vitambaa vya mama. Aliyahamisha mafungu yake kwenye gunia bila kunung'unika, na kwa mama hilo lilikuwa jambo la kusimuliwa.

Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, na wanawake walikuja na vitambaa vya Idi na vya harusi wakaondoka na imani. Baba hakuwa mtu wa vipimo. Akipika ugali ulikuwa wa kaya mbili. Kwa hiyo kazi ya kuchukua umbo la shimo ilikuwa ya mama. Nakumbuka alivyopanda kwenye buti kwa magoti, leso imefungwa kiunoni, pini mdomoni, kama anayempima bibi harusi asiyetulia. Alitandaza karatasi ya mfuko wa saruji, akaipapasa kwa kiganja mpaka ukingo wa shimo ukajitokeza, akaupitia kwa chaki ya cherehani. Pale kona inapopinda kuliacha gurudumu alitoa mlio mdogo wa kuridhika. "Hii gari iko na kiuno," akasema, na mkasi ukaanza kulia.

Baba akaigandisha ile karatasi juu ya mbao za sanduku na kukata kwa msumeno, akifuata mstari bila kuuliza, maana katika mambo ya kukata alikwisha kujifunza kunyamaza. Harufu ya chai ikajaa uani. Wakaubeba ubao wawili, kila mmoja upande wake, wakauteremsha kwenye buti.

Haukuingia. Wakaugeuza, haukuingia. Ulikuwa mkubwa kidogo pande zote, sawasawa, kote mle mle. Baba akapima pengo kwa kidole, akapima upande wa pili, kidole kilekile. Akamtazama mama muda mrefu.

"Mama wa watoto," akasema taratibu, "mbao haipindwi ndani."

Mama alikuwa ameacha nafasi ya mshono. Kidole kimoja kuzunguka, kama anavyoacha kwenye gauni, ili pindo lipatikane. Hakukusudia, mkono wake haukujua kukata kitu chochote duniani bila kukiachia. Alijifunika uso kwa leso, mabega yakatetemeka, nasi tukadhani analia, kumbe anacheka. Baba alikaa na tupa na kipande cha kioo akiupunguza ukingo mpaka jua likaelekea ziwani, unga wa mbao umemjaa kwenye nyusi. Ubao ulipoingia ulikaa kwa kubana, hata mama akalazimika kushonea kitanzi cha mkanda wa begi ili upate kuvutwa. Juu akauvika kitambaa alichounga kwa masalio ya nguo za wateja. Nikilala pale niliweza kukuonyesha gauni la mke wa imamu na suruali ya mwalimu wetu wa hesabu.

Tangu hapo neno likabaki nyumbani. Wali ukizidi, mama ameacha nafasi ya mshono. Viatu vya shule vikinunuliwa vikubwa ili mguu ukue humo, nafasi ya mshono. Bibi wa Wanale, aliyesimuliwa kisa kile mara moja tu, alikuwa akija kutupokea anaugonga ubao kwa ngumi, anausikiliza, halafu anamwambia mama kwamba ni gauni zuri, linakosa mikono tu.

Gari liliuzwa baba alipoanza kuugua macho. Alilinunua Mkenya mmoja wa vitunguu aliyepita njia ile ya Malaba, mtu mpole, msabato, aliyekuja na mkewe kulitazama. Mama hakujali gari. "Gari achukue," alimwambia baba pembeni, "ubao abaki." Baba akaona haya kuuza gari lenye tundu. Ubao ukaenda. Mama alisimama barazani mpaka gari likakata kona, na ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nilimwona akiaga kitu chenye magurudumu.

Haya, sasa ndiyo mimi hapo Nkoma, kwenye bampa, na vipande vya kibao miguuni. Nikainuka. Nilichukua boksi kubwa la katoni, nikapanda kwenye buti kwa magoti, magoti yenyewe siku hizi yanalalamika, nikalipapasa lile boksi mpaka ukingo ukajitokeza. Sikuwa na chaki, nikatumia penseli ya macho. Nikakata kwa mkasi wa jikoni. Nikalipeleka kwa fundi seremala wa karibu na soko, kijana mwenye penseli sikioni, akachagua mbao ya tabaka nene, akaikata nikiwa nimesimama. Nilimweleza ni ya mama yangu kulalia, akaipiga msasa pande zote mbili bila kuombwa.

Tuliuteremsha ubao pamoja kwenye gari, nililokuwa nimeliegesha mlangoni pake. Haukuingia. Tukaugeuza. Fundi akainama, akapitisha kidole kwenye pengo, akazunguka gari, akapitisha tena.

"Madam," akasema, "hapa umepima gari ama umepima nguo?"

Mama ndiye aliyenifundisha kushika mkasi, nikiwa sijafika urefu wa cherehani. Nilijua kisa kile chote, nilikuwa nimekikumbuka asubuhi hiyohiyo nikitabasamu peke yangu, na bado mkono wangu ukafanya vilevile. Nilicheka. Halafu nikaona sicheki tena, nalia, pale sokoni, mbele ya wauza nyanya, kwa uchovu wa miezi ile yote na kwa kumtaka baba aje na tupa yake. Fundi alichukua randa akaanza kupunguza, na maganda ya mbao yakadondoka bila harufu yoyote ya chai.

Nilimpigia mama kumwambia. Nikasikia lile cheko la kwenye leso, ambalo sikuwa nimelisikia tangu aanguke. "Wewe nasikiza mama yako sana," akasema alipopata pumzi. "Sasa kuja unichukue."

Nikamfuata. Wanawake wa jirani walimbeba kwa shuka, mmoja kila pembe, wakisoma dua na kugombana juu ya nani anavuta sana. Kabla hawajamlaza mama akawazuia. Aliinua pembe ya godoro, akapitisha ukucha pale ubao unapokutana na gari, polepole, kama alivyokuwa akikagua pindo la mteja mgumu. Wote tukangoja. Nilikuwa roho juu, niamini, maana ninamjua. Angesema hapana, wangemrudisha ndani, na mimi ningerudi Mbale peke yangu kujipanga na Ijumaa nyingine.

"Imekaa," akasema. "Nilalisheni."

Ufunguo wa nyumba alimpa jirani. Cherehani ilibaki barazani imefunikwa. Alichukua mkasi tu, akauweka chini ya mto. Hakuna aliyesema harudi. Watu wa Masese ni waungwana kwa mambo hayo.

Utaniuliza kimebaki nini. Masanduku ya chai sijui yalikwenda wapi, siku hizi chai inakuja kwenye magunia ya karatasi. Samaki wale wanene wa moshi siwaoni tena sokoni, wengi ni vichwa na mifupa. Bibi hayupo wa kugonga ubao. Mtoto akilala kwenye buti leo askari wa barabarani anakusimamisha, na ana haki. Na ile Jinja tuliyokuwa tukiitazama ikiondoka, kila likizo, tukiwa na hakika kwamba tutaikuta palepale tukirudi, nadhani ilikuwa ikiondoka kweli na sisi tulidhani ni mchezo.

Tulipanda kutoka Masese taratibu. Nilikuwa nimemkatia mama limau, nikamfungia kwenye leso kama zamani. Kwenye kioo cha ndani nilimwona amelala, kichwa kimeelekea kwangu, miguu kwenye mlango, uso umetazama kioo cha nyuma. Mahali pangu kabisa. Limau lilikuwa mkononi, hakulinusa.

"Kumbe nyinyi mlikuwa naona hivi," akasema.

"Hivi vipi, mama?"

"Ziwa. Nyumba. Yote nabaki." Akalizungusha limau kiganjani. "Mimi hii miaka yote niliona lori tu."

Nilimwuliza kama kiuno kinamuuma. Akasema ubao ni mzuri. Tukakaribia barabara kuu, jua lilikuwa linapanda, na mbele yetu kulikuwa na Iganga, Tirinyi na njia ndefu yote ya kufika Mbale. Nikamwuliza kama niongeze mwendo kidogo ili tuwahi kabla ya joto.

"Hapana, mama," akaniambia. "Enda polepole. Ziwa bado naiona."